"Unakimbizwa na Nani?" Binti wa Moshi Ajibu Maswali Yenu

Kila toleo ukurasa huu tunamwachia msomaji mmoja ajibu maswali ya wenzake. Zamu hii ni ya binti wa Moshi mwenye miaka 21. Alimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), ameomba kusomea udaktari wa binadamu, na huku akisubiri majibu ya vyuo anamsaidia shangazi yake kwenye duka la dawa muhimu. Asubuhi hukimbia. Barua zilikuwa nyingi, baadhi tumezifupisha.

Mwanangu, binti yangu yuko kidato cha tano PCB na kila jioni yuko uwanjani anakimbia. Mimi na baba yake tunaona anachezea muda. Udaktari unataka kitabu, hautaki miguu. Wewe ulisomaje huku unakimbia?
*Mama wa watoto wanne, Tabora*

Shikamoo mama. Nikikuambia kwamba kukimbia kunaongeza alama utanishika uongo mapema, maana darasani kwetu aliyetuburuza wote hakuwahi kukimbia hata kengele ya chakula ikigongwa. Alipata daraja la kwanza la pointi tatu na hadi leo mwendo wake ni wa bibi harusi.

Ninachokijua ni namna muda unavyoliwa. Shule ya bweni jioni ina kipindi cha michezo kabla ya chakula na prepu. Wengi wetu tulikaa chini ya mti na kitabu cha Kemia mapajani, ukurasa uleule, soga zinaendelea. Mimi nilizunguka uwanja na kila mzunguko nilijipa swali moja. Kwa mfano: damu iliyoshuka hadi unyayoni inapandaje kurudi kwenye moyo? Nikimaliza mzunguko sina maelezo ya kueleweka, usiku nafungua kitabu pale pale, sihangaiki na kurasa nyingine. Jibu la hilo ni vali ndogo zilizo ndani ya vena, zikisaidiana na misuli ya miguu inayoikamua vena kila ukikanyaga. Swali lile halikunitoka tena kichwani. Nililisoma huku misuli yenyewe ikifanya kazi hiyo.

Baba akitaka mfano wa mtu mzima, mwambie habari za Roger Bannister. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Mary's, London, akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana kwa sababu hakuwa na saa nyingine. Tarehe 6 Mei 1954, asubuhi alikuwa hospitali, jioni akapanda uwanja wa Oxford akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne: 3:59.4. Mwaka huohuo aliachana na mashindano akaendelea na udaktari, akabobea kwenye magonjwa ya mishipa ya fahamu. Sisemi binti yako ni Bannister. Nasema saa ya chakula cha mchana ni fupi kuliko jioni ya Tabora.

Kitu ambacho ningekichunguza zaidi ni usingizi wake. Wenzangu walioumia na PCB hawakuumizwa na uwanja, waliumizwa na kukesha na tochi chini ya shuka halafu kusinzia kwenye kipindi cha kwanza. Kubalianeni jioni tatu kwa wiki, nusu saa kila jioni, kisha muangalie mtihani wa muhula. Alama zikishuka, msiiulize riadha peke yake. Na simu ya likizo nayo iitwe kikaoni.

Dada, kwa nini udaktari? Tafadhali usijibu "napenda kusaidia watu". Hata fundi bomba anasaidia watu.
*Kijana wa Nyamagana, Mwanza*

Umenifungia mlango niliozoea kupitia. Haya.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa natumwa likizo kumpeleka babu kliniki ya presha. Babu anakaa Kibosho, ana mashamba ya migomba na kahawa, na alikuwa ameanza kuvimba miguu. Siku moja tulimkuta daktari ambaye hakuanza kwa kuuliza. Aliinama, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu wa babu, akahesabu kimya, akatoa kidole. Shimo likabaki, kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Nikabonyeza mguu wangu chini ya meza. Wangu ulirudi palepale. Njia nzima kwenye daladala nilikuwa najiuliza kwa nini mguu wa babu unakumbuka kidole na wangu unasahau.

Baadaye nilijifunza. Moyo wa mtu aliyepumzika hutoa kiasi cha mililita 70 kila pigo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, hiyo ni karibu lita 5, yaani damu yote ya mwilini inazunguka ndani ya dakika moja hivi. Moyo ukichoka, kila pigo linatoa kidogo. Damu inayorudi inapanga foleni, shinikizo ndani ya vena linapanda, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo na kukaa sehemu ya chini kabisa, ambayo kwa mtu anayesimama shambani ni miguu. Mwili unajaribu kufidia kwa kuongeza idadi ya mapigo. Babu akiwa amekaa tu mapigo yake yalikuwa yanapita 90.

Mimi nikiamka, kabla sijashuka kitandani, nashika kifundo cha mkono chini ya kidole gumba na kuhesabu kwa nusu dakika, kisha mara mbili. Napata 54, pengine 56. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 60 na 100, lakini mkimbiaji akishuka chini ya 60 huku hana kizunguzungu wala kuzimia, mara nyingi ni kwa sababu moyo wake umezoea kutoa damu nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya kupiga mara nyingi. Kiungo ni kilekile, hesabu ni ileile ya kuzidisha. Kwa babu namba moja imepungua, nyingine imepanda. Kwangu kinyume chake. Jambo hilo lilinikalia kooni hadi nikajaza PCB kwenye fomu.

Lakini kuna kitu kingine kwenye kliniki ileile. Babu alipewa dawa ya kumkojoza ili maji yapungue. Baada ya wiki kadhaa miguu bado imevimba, na kila mtu akiulizwa anasema dawa anakunywa. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza: mzee, siku gani huwa huinywi? Babu akacheka, akasema Jumapili, kwa sababu misa ni ndefu na choo cha kanisa kiko mbali. Na siku za msiba. Na siku za kikao cha ukoo. Ukijumlisha, kwetu Kibosho hizo ni siku nyingi. Daktari akauliza misa inaisha saa ngapi, akaandika Jumapili anywe akirudi nyumbani. Basi. Miguu ikaanza kupungua.

Nilikuwa nimedhani udaktari ni kujua majina ya dawa. Yule aliujua mlango wa choo cha kanisa. Nataka kujua vyote viwili, na fundi bomba naye nina imani angemuuliza babu maswali mazuri tu kuhusu foleni ya maji.

Dada, mimi bodaboda wa kijiwe cha njia ya KCMC. Tunakuona alfajiri. Huogopi? Na kwenu wanakubali mavazi yale?
*Bodaboda, Moshi*

Kumbe ni nyinyi! Naogopa, ndiyo maana sikimbii peke yangu gizani. Ninaye mwalimu mmoja mstaafu wa kike, ananizidi umri mara tatu na tunapanda naye hadi Shanty Town akiwa anasimulia habari za ndoa za watu. Kupanda mlima huku unasimulia ni zoezi zuri kuliko saa yoyote ya mkononi: akishindwa kumaliza sentensi tunapunguza mwendo.

Tunakimbilia upande wa kulia ili gari linalokuja tuliangalie usoni. Navaa taiti na fulana inayofika mapajani, na mama alichosema siku ya kwanza ni kwamba nisipite na taiti mbele ya baba mdogo. Nimebadilisha njia, hatujagombana. Raba ni za mtumba kutoka Memorial. Ninazikunja kwanza: soli ikikunjika katikati kama kitambaa naiacha, ikikunjika kwenye vidole tu naanza kuulizana bei.

Swali ninaloulizwa zaidi barabarani ni "unakimbizwa na nani?" Nimeshazoea. Ombi langu kwenu vijana wa kijiweni: mkikutana nasi gizani, punguzeni ile taa kubwa. Tunakuwa hatuoni shimo.

Mjukuu wangu, goti la kulia linaniuma nikipanda ngazi, na asubuhi linakuwa zito. Kwenu kuna dawa, niandikie jina ninunue huku.
*Mstaafu wa reli, Morogoro*

Shikamoo babu. Sitaandika jina, na usinikasirikie. Dukani kwa shangazi mimi nakaa kwenye daftari la mauzo. Anayetoa dawa ni yeye, aliyesomea kazi hiyo. Wateja wananiita daktari kwa utani, halafu utani unageuka: "Daktari, hebu niangalizie huyu mtoto." Nimejifunza kusema "sijui, muulize shangazi" mara nyingi kuliko sala.

Dawa unayoifikiria nadhani ninaijua, kwa sababu wenye magoti wote huitaja: diklofenaki. Inatuliza kweli. Pia inaweza kupandisha presha, kuchubua tumbo hadi litoke damu na kuumiza figo, hasa kwa mtu wa umri wako au anayetumia dawa nyingine. Shangazi kabla hajaiuza anauliza kama una presha, kama una vidonda vya tumbo, na unatumia dawa gani nyingine. Kuna mteja alimjibu: "Mama, unauza au unahoji?" Akaondoka akaenda duka la pili. Shangazi hakumkimbilia.

Nenda kituo cha afya wakaliangalie goti lenyewe. Kitu kimoja naweza kukusaidia: kwa wiki moja, kila asubuhi tazama saa, uandike uzito ule unachukua muda gani kuachia. Goti lililochakaa kwa umri mara nyingi huachia ndani ya nusu saa. Likichukua saa nzima au zaidi, au likiwa limevimba na lina joto, daktari atataka kufikiria mengine. Wataliuliza hilo swali, na mgonjwa mwenye jibu kwenye karatasi anapata dakika zaidi za kusikilizwa. Ngazi nazo zishike pembeni. Mtu akipanda ngazi goti hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, ndiyo maana linalalamika hapo na si kwenye tambarare.

Assalaam aleykum. Mimi nakimbia ufukweni baada ya sala ya alfajiri, na baibui langu na raba. Mama yangu anasema nikikimbia katika siku zangu nitaharibu kizazi. Na kweli siku hizi nachoka upesi.
*Mwalimu wa chekechea, Pemba*

Waaleykumu salaam, dada yangu. Kukimbia wakati wa hedhi hakuharibu kizazi. Wengine huwapunguzia hata maumivu ya tumbo. Ukijisikia vibaya pumzika, ukijisikia vizuri endelea. Mwambie mama kwa upole, maana naye aliambiwa hivyo na mama yake.

Kuchoka upesi ndiko kunakonishughulisha. Kila mwezi tunapoteza damu, na ndani ya damu kuna madini ya chuma. Mkimbiaji anapoteza kidogo zaidi kwa jasho na hata kwa nyayo kugonga ardhi, ambapo chembe nyekundu chache hupasuka. Chuma kikipungua, hemoglobini ya kubeba oksijeni inapungua, na kilima ulichokuwa unapanda unakiona kimeongezewa urefu. Nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa ni upungufu. Na ujue akiba ya chuma inaweza kuwa imeisha huku kipimo hicho bado kinaonekana kizuri, kwa hiyo kama uchovu unaendelea waambie.

Jikoni usinunue kitu kipya. Dagaa mnao, maharage yapo, mchicha upo, maini yakipatikana ni bora zaidi. Kinachotuharibia ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hushika chuma cha mboga na maharage kikapita bila kufyonzwa. Iache ikae mbali na mlo kama saa moja. Ndimu inafanya kinyume: ikamulie kwenye dagaa au maharage, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kwetu Uchagani tunakula kiburu, ndizi na maharage, halafu tunashushia na chai ya moto. Nyumbani nimepigana vita hiyo na nimeshinda nusu. Mama anakubali kusubiri, baba hakubali.

La mwisho. Kama siku zako zikipotea miezi mitatu na huna ujauzito, usifurahie kwamba umepumzika. Kwa mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo, mwili huanza kufunga matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa. Hapo nenda hospitali.

Mimi ni wa Eldoret. Huku tukiamka kila mtu anakimbia, hata kuku. Nikija Moshi kwa hiyo mbio yenu ya Kilimanjaro, mtaniona mgongo tu?
*Mkulima wa mahindi, Eldoret*

Karibu kaka, mgongo tutauona, nina hakika. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki 1,000, ingawa watalii wakiuona mlima wanadhani tunaishi juu yake. Oksijeni kwenye hewa yenu ni asilimia 21 kama ya kwetu, ila shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Figo zinahisi upungufu huo, zinatoa homoni ya erithropoyetini, uboho unaongeza chembe nyekundu. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, si siku mbili. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam akipanda Iten, mji wa wakimbiaji huko kwenu milimani, kwa wikendi anarudi na picha nzuri tu.

Hata hivyo usije na kiburi chote. Septemba 2025 jijini Tokyo, bingwa wa dunia wa maratoni alikuwa Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida: saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, hadi picha ikaamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Siku ile shangazi alisimamisha mauzo. Na mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16 akiongoza kutoka mwanzo, na Mkenya Ben Jipcho akamaliza wa tatu.

Kwa kuwa tumewataja wakongwe, niseme jambo. Kila mahafali niliyohudhuria mgeni rasmi alisimulia habari za John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alivyoanguka na kumaliza maratoni goti limefungwa bandeji zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu mzee yule kuliko wengi. Lakini wenzangu wanapofuta machozi mimi huwa nafikiria goti. Mkimbiaji wa leo akiniuliza kama aendelee na goti la namna ile, nitamwambia akae chini, na mgeni rasmi anisamehe.

Nakimbia nusu maratoni yangu ya kwanza. Kiongozi wa kikundi chetu anataka ninywe maji kila kituo, kiu iwepo isiwepo.
*Karani, Dar es Salaam*

Kunywa ukisikia kiu. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza maratoni ya Boston mwaka 2002, na asilimia 13 walikutwa sodiamu ya damu imeshuka kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno hadi wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Maji mengi huzimua chumvi ya damu, ubongo huvimba, mtu huchanganyikiwa, na mwenzake akidhani ni kiu anamwongezea chupa. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umezidisha. Kwa jua la Dar, anza mapema.

Dada, kidato cha nne nimepata Biolojia C, Kemia C, Fizikia D. Nyumbani wanasema nisahau udaktari nikasomee ualimu.
*Kijana, Kasulu*

Mdogo wangu, kwanza ualimu usiudharau, walimu ndio walionifikisha hapa. Pili, D kidato cha nne ni ufaulu. Kwa PCB ya serikali usiitegemee sana, lakini ipo stashahada ya utabibu, miaka mitatu, ambayo waombaji wake ni wahitimu wa kidato cha nne waliofaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Vyuo vyake vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Hakikisha chuo kimesajiliwa kabla hujatoa hata shilingi, maana matangazo ya kwenye nguzo za umeme hayana ithibati. Ukimaliza na GPA nzuri unaweza kuomba shahada ya udaktari, miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo.

Njia ya kidato cha sita inahesabu namna nyingine: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia. Sharti la chini likitimia bado unashindania nafasi chache na watu wenye A tatu. Nimeona walioingia chuo kwa njia ya utabibu wakiwa tayari wameshika wagonjwa, wamezalisha, wameshona vidonda. Wale wa A tatu ndio waliokuwa wanawauliza.

Ila usiusome utabibu kama ngazi ya kukanyagia tu. Zahanati na vituo vya afya vingi nchini vinaendeshwa na matabibu, na huenda ukaona hapo ndipo panapokufaa. Nyumbani waambie miaka mitatu. Wazazi husikiliza zaidi ukiwapa namba.

Usipochaguliwa mwaka huu utafanyaje? Mimi niko kwenye hali kama yako, silali.
*Msomaji, Songea*

Pole, ndugu yangu. Nami kuna usiku naamka kuangalia simu.

Wengi wanadhani sikuchaguliwa mwaka jana. Nilichaguliwa, chuo kimoja cha binafsi. Mkopo ulikuja pungufu, tukakaa kikao cha familia, babu akataka kuuza kipande cha shamba, mama akakataa, nami nikamuunga mkono mama. Ada ya mwaka mmoja ungeipata kwa kile kipande. Mitano je? Nikaahirisha. Mwaka huu nimepanga vyuo vya umma juu, na chini yake nimeweka shahada ya uuguzi. Nikipata uuguzi naenda, sitasubiri tena. Mwaka huu umenifundisha mengi dukani lakini sitaki kuzeekea kwenye daftari la mauzo.

Usiku usipolala, fanya yale yanayofanyika. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utapaswa kuthibitisha kimoja, na wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu laini waliyojisajilia haipo hewani. Dirisha la kwanza likikuacha, angalia mapema programu zipi bado zina nafasi kwenye dirisha la pili, ukiwa na orodha mkononi. Kwa mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na mdhamini na serikali ya mtaa wasaini fomu. Mtendaji wetu nilimkosa mara kadhaa hadi nikamvizia alfajiri nikitoka kukimbia, jasho linanitiririka. Alisaini akiwa amesimama mlangoni kwake na mswaki mdomoni.

Kuhusu mbio, nimejiandikisha nusu maratoni ya Kilimanjaro, inayoanzia uwanja wa Ushirika na kupanda kuelekea Mweka. Chuo kikijibu au kisijibu, kilima kile nitakipanda.

Hukuniambia umeomba kozi gani. Nitumie kupitia mhariri orodha ya vyuo ulivyopanga tulinganishe. Na kama cheti chako bado hakijahakikiwa, liweke gazeti hili chini uende kukishughulikia sasa hivi, ofisi bado ziko wazi.